Mama wa miaka 65 na njia ya mtoni hadi kileleni

Dada, umeuliza kama mama yako ataweza kilomita 4 za kandokando ya mto, kisha kupanda mita 150 hadi pale juu panapoonekana mji wote. Kama hutembea kila siku na hana shida ya moyo, mpeleke. Kanuni ya mwaka 1892 ya Naismith, mpanda milima wa Scotland, ya kukadiria muda wa kutembea milimani, kwa vipimo vya leo ni saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenu inatoka saa moja na dakika chache. Kwa mama, mimi ningehesabu mara mbili.

Kinachonitia wasiwasi ni mto, si kilima. Mvua ikinyesha huko yatokako, maji hupanda hata mlipo pakiwa pakavu. Yakigeuka rangi ya udongo au yakianza kubeba majani na vijiti, tokeni ukingoni upesi, wala msijaribu kuvuka.

Mtafutie fimbo imara, maana magoti huumia zaidi wakati wa kushuka. Tokeni asubuhi, na mwendo aupange yeye.