Kualikwa Chuseok ukiwa huli nguruwe

Mdogo wangu, umesema rafiki yako wa chuo amekualika kwao Korea sikukuu ya mavuno ya Chuseok, nawe huli nguruwe na unaogopa kuwaudhi wazazi wake. Nenda! Ila mwambie rafiki yako leo, usingoje mezani. Mwaka wangu wa kwanza nilinyamaza, nikaishia kula wali mtupu, mama wa watu akahuzunika. Nyama huwa hata ndani ya japchae, zile tambi za kukaangwa na mboga. Beba boksi la matunda, ulikabidhi kwa mikono miwili. Viatu vua mlangoni, na subiri mzee aanze kula. Vijiti usivisimamishe kwenye wali. Hufanana na ibada ya wafu. Tiketi ya treni kata mapema mno, huisha haraka. Kama una aleji ya ufuta, muone daktari kabla ya kuonja songpyeon, vile vikeki vya mchele ambavyo mara nyingi huwa na ufuta ndani.