Kujitolea kwa wanaosubiri majibu ya hifadhi, uanzie wapi

Umeuliza utawasaidiaje waomba hifadhi, yaani watu waliokimbia kwao na kuomba ulinzi nchi nyingine, na sheria huijui. Wala usijali, manake kinachowamaliza wengi ni kule kusubiri, mtu anakaa miezi hadi miaka na nchi nyingine hata kazi haruhusiwi, kwa hiyo kumfundisha lugha, kumsindikiza hospitali au kupiga naye stori tu ni msaada tosha. Pitia shirika linalotambulika, usijiendee kivyako.

Sasa kwenye barua za uhamiaji kuwa makini sana, nyingi zina tarehe ya mwisho na ikipita anaweza kupoteza haki ya rufaa, ukiiona tu mpeleke kwa wakili siku hiyohiyo. Usimjazie fomu wala kumfundisha aseme nini kwenye usaili wa maombi yake ya hifadhi, maelezo yakipishana kidogo anaonekana muongo. Na ubalozi wa kwao usiupigie simu eti unamtafutia vyeti, unaweza kuwaponza ndugu zake waliobaki. Picha zake ndo usiziweke mtandaoni kabisa.

Yaliyomkuta usimchimbe, akitaka atasema mwenyewe. Ila akianza kuongelea kujiua usibaki nalo peke yako, mtafutie daktari haraka na shirika walijue.