Mwalimu wa hesabu, maksi za GRE zimeshuka: niahirishe?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mie nafundisha hesabu skuli moja hapa Wete, natafuta masta nje na chuo wanataka GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya masta. Jaribio la kwanza la mazoezi, hesabu nilipata 157, nikasoma wiki sita kila usiku, juzi nimerudia nimepata 154! Sehemu ya pili ilikuwa ngumu mno, mwisho nikabahatisha tu. Naona aibu, hata kitabu sitaki kukifungua. Niahirishe mpaka mwakani?

JIBU: Waalaykum salaam mwalimu mwenzangu. Usiahirishe kwanza, hebu tutazame hiyo 154 imetoka wapi. Maksi zinaanzia 130 hadi 170, na mtu yule yule akifanya leo na wiki ijayo bila ya kusoma kitu anaweza kupishana pointi mbili tatu, kwa iyo hizo tatu zako hazijasema kwamba umerudi nyuma.

Na ile sehemu ya pili sasa. GRE hesabu ina sehemu mbili, ya kwanza maswali 12 kwa dakika 21, ya pili 15 kwa dakika 26, na kompyuta inakuchagulia ya pili kwa jinsi ulivofanya ya kwanza, ukifanya vizuri unapewa ngumu. Rudi kaangalie ya kwanza ulikosa ngapi. Kama ni machache basi ugumu ule uliupata kwa sababu ulikuwa unafanya vizuri, we ukaona umeshaanguka ukaacha kupigana, na hapo ndo pointi zilipokwendea. Nimeliona hili kwa wanafunzi wangu wengi na linaniuma kila mara. Swali likikukwama liwekee alama, songa mbele, urudi muda ukibaki, na usiache tupu maana kukosea hakukatwi maksi.

Jengine, sisi walimu wa hesabu tuna ugonjwa wa kukokotoa kila kitu mpaka mwisho kama tunaandika ubaoni. Yale maswali ya kulinganisha kiasi A na B mengi hayataki hesabu ndefu, yanataka ujiulize je x ikiwa sifuri? ikiwa hasi? ikiwa nusu? Jibu likibadilika basi haijulikani kipi kikubwa, umemaliza. Aibu ya nini hapo, huu ni ufundi tu na we msingi unao.

Wiki hii usisome kitu kipya kabisa. Chukua daftari, yale uliyokosa yote yafanye upya bila ya saa, kila moja uandike: sikujua, nilisoma vibaya, au muda. Ukiona "sikujua" ni matatu manne tu hamu itarudi yenyewe, kwa sababu utakuwa unajua unapigana na nini. Na usiku baada ya kutwa nzima darasani, umeme nao unakatika, kichwa hakishiki, bora nusu saa baada ya alfajiri.

Mtihani wenyewe unaruhusiwa kurudia baada ya siku 21, mara tano ndani ya miezi 12, na unachagua mwenyewe matokeo ya siku gani chuo wayaone. Ukimaliza daftari niandikie "sikujua" zilikuwa ngapi na za mada gani, tupange wiki zinazofuata.