Kemikali ikimwagika kiwandani: ziba mtaro kwanza, kunyonya baadaye

Mkuu, umeuliza ununue nini kwanza kwa karakana na stoo yenye mafuta ya mashine, sabuni kali za kuoshea mitambo na tindikali, kwa kuwa fungu ulilopewa halitoshi kila kitu. Wengi waliotangulia kukujibu wamesema ununue vitu vya kunyonya kwa wingi. Mimi nimefanya kazi ya matengenezo na usafi viwandani kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya hela hiyo ningeiweka kwenye vitu vya kuzuia: vifuniko vya mtaro, trei za kuwekea mapipa, na plagi za kuzibia matundu. Vinyonyaji vifuate.

Uma wa forklifti uliwahi kutoboa pipa la sabuni ya alkali kwenye kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi. Vijana walikimbilia mifuko ya udongo wa kunyonya. Fundi mmoja mtu mzima akaenda upande mwingine kabisa, akachomoa ukutani mkeka wa poliyurethani, akautandaza juu ya mdomo wa mtaro na kuukanyagakanyaga mpaka ukashikana na sakafu. Ndipo akawaita wenzake waligeuze pipa tundu likae juu, lisiendelee kumwaga. Kusafisha sakafu kulitumaliza mchana kutwa, lakini mtaroni haikuingia sabuni. Mkeka ule ni mlaini na mzito kiasi cha kujaza mikwaruzo ya saruji, ndiyo maana maji hayapiti chini yake, na ukishaoshwa unarudi ukutani. Kwenye sakafu ya kokoto au iliyobomoka sana haufai, hapo tafuta mfuko mzito au puto la kuziba bomba lenyewe.

Kila tone lililobaki sakafuni ni tatizo lako wewe na timu yako. Likishaingia mtaroni ni tatizo la kila aliye chini ya mkondo, na hakuna kinyonyaji kitakacholirudisha. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la Sandoz lilishika moto Schweizerhalle, karibu na Basel, Uswisi. Zimamoto walimwaga maji mengi kama ilivyopasa, lakini hapakuwa na bwawa la kuyakusanya, kwa hiyo maji yalibeba viuatilifu na rangi hadi mto Rhine. Mto ukawa mwekundu na mikunga ikafa kwa wingi. Ukipanga kuzuia, usipige hesabu ya kilichomo kwenye mapipa peke yake. Hesabu na maji ya kuzimia moto.

Sasa trei za mapipa, zile palati zenye beseni chini. Watu hununua kwa kuangalia zinabeba mapipa mangapi, wakati swali ni beseni linashika lita ngapi. Kanuni za Marekani kuhusu taka hatarishi zilizo kwenye mapipa zinataka kizuizi kishike asilimia 10 ya jumla ya ujazo au ujazo wote wa chombo kikubwa kuliko vyote, lolote lililo kubwa zaidi. Mapipa manne ya lita 200 ni lita 800, asilimia 10 yake ni 80, lakini pipa moja ni 200, basi beseni lisipungue lita 200. Kwa matangi ya mafuta, kanuni za Uingereza za mwaka 2001 zinataka asilimia 110 ya tangi. Hata kama nchi yako haina kipimo chake, hivi ni vipimo vizuri vya kuanzia.

Na kama kizuizi kiko nje bila paa, mvua inakula nafasi yako. Eneo la mita 10 kwa 5 likipata milimita 100 za mvua linakusanya lita 5,000 za maji. Ndipo mtu hufungua vali ya kutolea maji, na vali hubaki wazi. Nimeikuta hali hiyo mara nyingi kuliko nilivyokuta ukuta uliopasuka. Weka kufuli kwenye vali hiyo, ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana, na maji yakaguliwe kabla ya kutolewa.

Ukuta nao usiuamini kwa macho tu. Kwenye ghala la mafuta la Buncefield, Uingereza, Desemba 2005, tangi la petroli lilijazwa kupita kiasi kwa sababu kipimo chake kilikwama na swichi ya tahadhari haikufanya kazi. Baada ya mlipuko na moto, kuta za saruji zilizozunguka matangi zilivuja kwenye maungio na pale mabomba yalipopita ukutani, na mafuta pamoja na maji ya kuzimia moto yakazama ardhini. Kila ukaguzi, anza na maungio na matundu ya mabomba. Katikati ya ukuta ni nadra kukuangusha.

Tuje kwenye vinyonyaji, maana navyo unavihitaji. Udongo wa kunyonya na vumbi la mbao ndivyo vya zamani zaidi. Mwaka 1947 huko Michigan, Ed Lowe, ambaye familia yake iliuza vinyonyaji vya viwandani, alimpa jirani udongo huo autumie kwenye choo cha paka, na biashara nzima ya mchanga wa paka ikazaliwa hapo. Udongo hufanya kazi, lakini ni mzito, vumbi lake huingia kwenye mashine, na unabaki na kilo nyingi za taka. Ndiyo maana soksi ya kunyonya ilibadilisha kazi hii. Kampuni ya New Pig ya Marekani iliileta sokoni mwaka 1985: kinyonyaji kilichoshonwa ndani ya kitambaa kirefu, unakizungusha kwenye kitako cha mashine, nacho kinazuia na kunyonya kwa wakati mmoja. Ukiwa na hela ya kinyonyaji kimoja tu, nunua soksi.

Pedi nyingi nyeupe za mafuta ni polipropilini ya nyuzi nyembamba mno. Utaratibu wa kutengeneza nyuzi hizo kwa kuyeyusha plastiki na kuipuliza kwa hewa moto ulitoka kwenye maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1950, walipokuwa wakitafuta vichujio vya kunasia chembe za mionzi angani. Polipropilini hupenda mafuta na kukataa maji, kwa hiyo pedi huelea juu ya dimbwi na kunyonya mafuta peke yake. Hapo pia ndipo watu hukwama: wanaiweka juu ya sabuni ya maji, haifanyi kitu, wanasema ni feki. Kwa kawaida nyeupe ni ya mafuta tu, kijivu ni ya matumizi yote, njano ni ya kemikali kali, lakini soma maandishi kwenye boksi kabla ya kuamini rangi.

Lililo zito zaidi ni kinyonyaji kupatana na kemikali. Tafadhali wakuu wote mlisome hili. Mwaka 2014, kwenye hifadhi ya chini ya ardhi ya taka za nyuklia iitwayo WIPP, New Mexico, Marekani, pipa lilipasuka na kutoa mionzi. Taka zake zilikuwa na chumvi za naitreti, na kwenye maabara ya Los Alamos zilikotayarishwa zilichanganywa na mchanga wa paka wa ngano badala ya ule wa udongo. Naitreti husaidia kuwaka, ngano ni kuni. Hifadhi ilisimama kupokea taka kwa takriban miaka mitatu. Kwa hiyo kwako: vumbi la mbao, matambara na kadibodi visiguse tindikali ya naitriki, peroksaidi kali wala kioksidishaji chochote, yaani kemikali inayosaidia vitu kuwaka. Tindikali ya haidrofloriki nayo inashambulia silika, hivyo mchanga na udongo havifai kwake.

Tindikali za kawaida unaweza kuzizimua kwa sodiamu baikabonati, ukinyunyizia kutoka ukingoni kwenda katikati, kidogo kidogo, kwa sababu povu na gesi vinapanda. Kila kemikali uliyonayo ina karatasi ya taarifa za usalama yenye sehemu 16. Sehemu ya 6 inaeleza cha kufanya ikimwagika, ya 10 inataja visivyopatana nayo. Zisome kabla ya kuandika oda, si siku ya tukio.

Mashine za kuvutia: kama una kompresa, kile kifaa kinachofungwa juu ya pipa na kuvuta kwa nguvu ya hewa ni kizuri, hakina mota wala umeme, na kilichovutwa kimeshaingia kwenye pipa lake. Vakyumu ya kawaida isivute petroli wala tina ya kuyeyushia rangi, cheche ya mota inatosha kulipua. Zebaki isivutwe nayo kabisa, unaisambaza hewani kama mvuke. Mashine ya maji ya shinikizo iwe ya mwisho, sakafu ikishakauka na mtaro ukiwa bado umefunikwa.

Kabla ya kununua hata soksi moja, tembea karakana nzima ukiangalia kinachovuja sasa hivi. Tone moja kila sekunde ni kama lita 4 kwa siku. Sili mpya itakuokolea pedi nyingi.

Kinyonyaji kilichotumika kinabeba hatari ya kile kilichonyonya. Matambara yenye mafuta ya kitani hupata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti, yaweke kwenye pipa la chuma lenye mfuniko unaojifunga na uliondoe kila mwisho wa zamu. Mengine yaingie kwenye pipa lenye lebo ya kemikali husika na tarehe, yasichanganywe. Ukiniandikia orodha ya kemikali zako na mahali mitaro ilipo, nitakusaidia kupanga kipi kikae wapi.