Ushauri kwa wanaoanza kutafuta sesilia katika milima ya Taita

Mwanafunzi anayefika Taita kwa mara ya kwanza kumtafuta sesilia, amfibia asiye na miguu anayeishi ardhini, mara nyingi huja na kurunzi na wavu, kwa kuwa ndivyo alivyozoea kukamata vyura. Viache hivyo, ukaazime jembe. Omba ruhusa ya mwenye shamba, kisha chimba penye udongo laini wenye unyevu, hasa chini ya migomba na kandokando ya vijito, ukipindua donge moja baada ya jingine. Mimi siku ya kwanza nilichimba kama mtu anayetengeneza matuta ya viazi, na sesilia wangu wa kwanza nilimwona akiwa vipande viwili.

Ukiokota kiumbe chembamba chenye pingili, usikimbilie kuandika. Nyungunyungu hana taya wala mifupa. Sesilia anavyo, na meno pia, nawe utamhisi akisukuma kichwa kigumu katikati ya vidole vyako. Nyoka kipofu ana magamba, ilhali ngozi ya sesilia ni tupu na ina utelezi. Macho ya Boulengerula taitana, yaani sesilia wa Taita, usiyatafute, maana yamefunikwa na mfupa. Mshike kwa mikono iliyolowa na umhifadhi kivulini ndani ya udongo uleule, kwani hukauka upesi. Andika jina la kilima chenyewe: Sagalla, karibu na Voi, ina spishi yake, Boulengerula niedeni, iliyotambuliwa kisayansi mwaka 2005.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni pale unapofukua jike aliyejikunja na watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watoto wa sesilia wa Taita hula ngozi ya juu ya mama yao, ambayo wakati wa kulea hunenepa na kujaa mafuta, nao huikwangua kwa meno yasiyofanana na ya wakubwa. Katika wiki moja watoto waliongezeka urefu kwa takriban 11%, huku mama akipungua uzito kwa takriban 14%. Kwa hiyo jike aliyepauka na kukonda huenda ni mlezi tu. Mimi niliwahi kumwandika mmoja kuwa mgonjwa, nikalazimika kuifuta safu nzima ya daftari. Wapime upesi, warudishe wote pamoja mahali ulipowatoa, na ufukie kabla hujahamia shimo jingine.