Shahidi hashtakiwi kwa kashfa

Je, jirani aliyekuita mwizi alipokuwa kizimbani kama shahidi kwenye kesi ya shamba anaweza kushtakiwa kwa kashfa, yaani maneno ya kumharibia mtu jina? Hapana, hata kama alisema kwa chuki. Kenya tulirithi kinga hii kutoka sheria ya Uingereza, na kesi inayotajwa sana ni Munster dhidi ya Lamb ya 1883: wakili alisema maneno makali bila msingi, bado mahakama ikasema hashtakiwi. Kinga inamhusu hakimu, wakili, shahidi na wenye kesi wenyewe. Sababu yake ni nzito: shahidi akiogopa kudaiwa fidia kesho, leo atanyamaza, na anayeumia ni yule anayemtegemea aseme ukweli.

Lakini kinga si ruhusa ya kudanganya. Akithibitika alisema uongo kwa makusudi baada ya kuapa, hilo ni kosa la jinai, na kifungo chake kwa Kenya kinaweza kufika miaka 7. Na akitoka nje akayarudia maneno yaleyale sokoni au kwenye grupu la WhatsApp, hapo kinga imekwisha, unaweza kumshtaki.