Pipa tupu la mafuta si tupu

Ukitaka kukata au kuchomelea pipa lililobeba mafuta, kwa gesi au grainda, usidhani kulianika juani siku mbili kunatosha, hata kama husikii harufu. Kinacholipuka si mafuta yenyewe, ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Kwa petroli, mvuke wa kama asilimia 1.4 tu ndani ya pipa unatosha. Na wanaosema pipa la dizeli halina shida wanajidanganya: dizeli ikiwa baridi haitoi mvuke wa kutosha, lakini mabaki yaliyojificha kwenye maungio ya kitako yakipashwa moto na gesi au grainda kupita nyuzi 55 hivi, hapo inatoa. Kusuuza kwa maji baridi hakuyaondoi.

Fundi makini huliosha kwanza kwa mvuke wa maji, halafu hulijaza maji hadi karibu na mstari wa kukata, vizibo vikiwa wazi ili lipumue. Mimi ningekuwa natengeneza jiko la nyama choma ningetafuta pipa ambalo halikubeba mafuta kabisa. Tangi la gari ndiyo usiguse. Mpelekee fundi mwenye kipimo cha gesi, kifaa cha kuonyesha kama mvuke bado umo ndani.